Kabla hujaandika "hilo si neno"

Kazi yangu ni kuhariri barua, ripoti na maombi ya kazi ya Kiingereza. Jioni, nikifungua simu, nakuta watu kwenye magrupu ya WhatsApp na Facebook wanagombana juu ya Kiingereza hicho hicho. Mara nyingi ugomvi unaanza na maneno matatu: "Hilo si neno." Naomba uyaache maneno hayo kabisa, na nitakueleza kwa nini.

Kijana mmoja wa Kenya aliweka tangazo lake kwenye grupu la nafasi za kazi. Alieleza vizuri: diploma ya uhasibu, programu anazozimudu, mahali alipofanya mafunzo kwa vitendo. Mwishoni akaandika kwamba amekuwa "tarmacking" tangu amalize chuo. Mkenya yeyote anajua maana yake. Ni kuzunguka na bahasha ya kaki, ofisi hadi ofisi, soli zikilika kwenye lami. Maoni ya kwanza chini ya tangazo yalisema: "Tarmac ni lami, si kitenzi. Ndiyo maana hupati kazi." Aliyefuata akaweka vikatuni vya kicheko. Mwingine akamtetea kijana, akaambiwa na yeye arudi shule. Mpaka usiku watu walikuwa bado wanavutana juu ya nomino na vitenzi, na sikuona hata mmoja aliyeuliza kijana anaishi mji gani au kama ana CV ya kutuma.

Mwaka 2022 Oxford English Dictionary iliingiza maneno mengi ya Kiingereza cha Afrika Mashariki. Yamo daladala, nyama choma, sambaza kwa maana ya kutumiana salio, na tarmac kama kitenzi, kwa maana ile ile ya yule kijana. Lakini nakusihi usichukue habari hii ukaitumia kama rungu, ukasema "Oxford wameruhusu". Oxford hawakuruhusu kitu. Wakenya walikuwa wakilitumia neno hilo na kuelewana kwa miaka mingi, na wanakamusi wakaja kuandika walichokikuta.

Nadhani hapa ndipo tunapopotea, na ni kwa sababu ya mazoea ya nyumbani. Sisi Watanzania tuna BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa), iliyoundwa kwa sheria mwaka 1967, na tumezoea kwamba kuna mahali istilahi inapelekwa ikasanifiwa. Wafaransa wana Académie française, chombo chao cha kusimamia lugha, tangu 1635. Kiingereza hakina chombo cha namna hiyo. Mwandishi Jonathan Swift alipendekeza kianzishwe, mwaka 1712, na pendekezo lake halikwenda popote. Kwa hiyo anayedai kwamba neno fulani la Kiingereza "halijapitishwa" anadai muhuri ambao hakuna ofisi inayoutoa.

Tazama neno "irregardless", ambalo watu hulitumia kwa maana ile ile ya "regardless" (bila kujali), na ambalo limevunja urafiki wa watu wengi mtandaoni. Julai 2020 kulizuka kelele kubwa Marekani, watu wakiwalaumu wachapishaji wa kamusi wa Merriam-Webster kwa kulikubali neno hilo, kana kwamba limeingizwa jana. Limo katika kamusi yao kubwa tangu 1934. Na kamusi hiyo hiyo ya 1934 ilikuwa na neno jingine, "dord", lililoelezwa kuwa na maana ya densiti. Hakuna aliyewahi kulisema. Karatasi iliyoandikwa "D or d", yaani herufi D, kubwa au ndogo, kama kifupisho cha densiti, ilisomwa vibaya ikageuka kuwa neno, na kosa likagunduliwa mwaka 1939. Neno lililokaa kurasani bila msemaji liliondolewa. Lile lililochukiwa na walimu bado lipo, kwa sababu watu wanalisema.

Sasa, je, mimi nalitumia "irregardless"? Hapana, na nikilikuta kwenye barua ya mteja nalitoa. Ukifungua kamusi utakuta limewekewa alama kwamba si la Kiingereza sanifu. Wengi wanaopiga picha ukurasa wa kamusi ili washinde ubishi hawasomi alama hiyo. Swali linalofaa kubishaniwa ni kama neno linafaa hapa, kwa msomaji huyu. "Tarmacking" kwenye grupu la Wakenya haina dosari. Kwenye barua ya kuomba kazi kwa shirika lenye meneja aliyetoka Uholanzi, ningeibadilisha, kwa sababu huenda asielewe kabisa.

Kwenye sarufi, kabla hujakosoa, jiulize kanuni hiyo umeitoa wapi. Wengi wetu tulifundishwa kwamba sentensi ya Kiingereza haiishii na kihusishi, yaani neno kama "to" au "with". Mshairi John Dryden alimlaumu mwandishi wa tamthilia Ben Jonson kwa jambo hilo mwaka 1672, na malalamiko yake yakakua hadi yakawa sheria ya darasani. Robert Lowth, ambaye kitabu chake cha sarufi cha 1762 hutajwa kama chanzo cha katazo hilo, hakukataza. Alisema tu kwamba mtindo huo ni wa mazungumzo zaidi kuliko maandishi mazito, na katika kulisema hilo yeye mwenyewe alitumia kishazi kinachoishia na kihusishi. Vivyo hivyo "they" kwa mtu mmoja, ambayo watu huiita uzushi wa siku hizi, imo katika maandishi ya Kiingereza tangu karne ya 14.

Simaanishi kwamba kila kitu ni sawa. "I look forward to hear from you" ni kosa katika Kiingereza sanifu, na mtihani wa taifa utakukata alama kwa "discuss about" hata kama mtaa mzima unaisema. Mtu akikuomba umsahihishie, msahihishie bila kumung'unya maneno. Asipokuomba, na alichoandika kimeeleweka, jibu alichoandika. Kosa likiwa la kumharibia, mathalani kwenye CV, mfuate inboksi, mpe sentensi iliyonyooka, basi.

Nasisitiza inboksi kwa sababu kwetu Kiingereza ni kipimo cha nani alisoma shule gani na mzazi wa nani alikuwa na ada. Ukimkosoa mtu hadharani mbele ya watu mia mbili, wanaosoma hawaoni kihusishi. Wanaona ametoka wapi. Nimeona watu wenye mengi ya kusema juu ya mikopo ya vyuo na ajira za walimu wakinyamaza moja kwa moja baada ya kusahihishwa mara moja, na grupu likabaki la wale waliosoma shule za kulipia wakipongezana.

Na wewe ukikosolewa? Angalia kamusi kwanza, si Google kwa haraka, ila ukurasa wenyewe wa neno, pamoja na alama na mifano yake. Ukikuta amesema kweli, hariri ujumbe wako na uendelee na hoja. Ukikuta amekosea, weka ushahidi mmoja, mara moja, kisha rudi kwenye mlichokuwa mnazungumza. Usisubiri akubali. Wanaosoma bila kuandika ndio wengi zaidi, na wao wameshauona ushahidi.