Maswali Yenu: Jina la Nje, Kahawa ya Mbozi

SWALI: Nina fremu Mwanjelwa na mtaji kiasi. Nataka kufungua mgahawa wa kahawa kwa jina la kampuni kubwa ya nje. Inawezekana? Na nitaruhusiwa kuuza kahawa ya Mbozi?
Msomaji, Mbeya

JIBU: Kwa fremu moja, majina makubwa ni magumu. Starbucks, iliyoanza Seattle mwaka 1971, haiuzi franchaizi (haki ya kufanya biashara kwa jina lake) kwa mtu binafsi hata kwao Marekani. Afrika Kusini iliingia mwaka 2016 kupitia kampuni ya huko iliyopewa leseni. Tafuta kampuni ndogo zaidi.

Ukipewa mkataba, soma ukurasa wa malipo kabla ya ule wa nembo. Ada ya kuingia hulipwa mara moja na kwa kawaida hairudi. Mrabaha, yaani malipo ya kuendelea kutumia jina, ndio unaoumiza, kwa sababu hukokotolewa kwenye mauzo, si kwenye faida. Tuseme umeuza shilingi 20,000,000 kwa mwezi, mrabaha ni 6% na mchango wa matangazo 2%. Hapo inatoka 1,600,000, hata kama pango na mishahara vimekumaliza.

Kuna jingine ambalo wengi hulikuta kwa mhasibu wakiwa wameshasaini. Mrabaha unaolipwa nje ya nchi hukatwa kodi ya zuio ya 15%. Mkataba ukisema mwenye jina apokee fedha yake kamili bila makato, kodi hiyo ni mzigo wako: ile 6% ni 1,200,000, gawanya kwa 0.85, unapata 1,411,765 za kutoa. Pigania kifungu hicho kibadilishwe.

Kuhusu Mbozi, mara nyingi jibu ni hapana. Minyororo hii hutaka ladha moja kila mahali, hivyo hukulazimisha kununua kahawa iliyokaangwa na msambazaji wao. Unaweza kuomba ruhusa ya aina moja tu ya kienyeji, tena iandikwe. Lakini kama Mbozi ndiyo unayotaka kuuza, kwa maoni yetu fungua kwa jina lako.

SWALI: Espreso ya kwanza asubuhi ni chachu, mchana inakuwa nzuri. Mashine imeharibika?
Msomaji, Iringa

JIBU: Haijaharibika, haijapata moto. Taa huonyesha joto la boila tu, yaani tangi la kuchemshia maji. Kile kichwa cha chuma kinachopitisha maji bado ni cha baridi, hasa Juni na Julai. Washa dakika 30 kabla, mkono wa mashine unaoshika kahawa ukiwa umefungwa mahali pake, kisha pitisha maji matupu.

Baada ya hapo tumia mizani: kahawa gramu 18, kinywaji gramu 36, sekunde 25 hadi 30. Ikimwagika chini ya sekunde 20, saga laini zaidi. Mwinuko usikutishe. Birika la wazi Iringa huchemka karibu nyuzi 95, ila boila imefungwa na ina shinikizo, kwa hiyo joto la maji yake huzidi nyuzi hizo. Na kahawa iliyokaangwa jana bado ina gesi nyingi inayozuia maji kupita sawasawa. Ipe wiki moja.