Uliza Maji Kwanza, Bei Baadaye: Majibu kwa Wanaopanga Likizo ya Pwani

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja: twende pwani ipi? Tumezijibu tano. Wengi huanza na jina la mji au bei ya chumba. Sisi tungeanza na upepo wa mwezi mnaokwenda na hali ya maji ya wiki hiyo, kwa kuwa ufuko uleule unaweza kuwa pepo Februari na ukawachosha Julai.

*Tunataka kuwapeleka watoto wetu watatu (miaka 4, 7 na 11) Unguja kwa siku tano mwezi Desemba. Jirani alikwenda Jambiani akarudi analalamika kuwa bahari ilimkimbia. Mwingine anasema twende Nungwi. Tumsikilize nani?*
— Mama wa Watatu, Morogoro

Wote wawili wamekuambia kweli, dada, ila hawakukupa sababu. Pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Matemwe na Kiwengwa hadi Bwejuu, Paje na Jambiani, ina uwanda mpana wa mchanga na mawe kabla ya kuufikia mwamba wa nje ambako mawimbi yanapasuka. Maji yakipwa, uwanda huo hubaki wazi, na mahali pengine mtatembea nusu kilomita au zaidi kabla maji hayajafika magotini. Kendwa na Nungwi, kule kaskazini, ufuko unateremka haraka. Maji yakipwa bado mtu anaogelea.

Kabla hujaifuta Jambiani, fungua kalenda ya mwezi mwandamo. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku nyakati zake huchelewa kwa dakika kama 50. Siku za bamvua, yaani karibu na siku mwezi unapoandama na karibu na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa Unguja hufika mita 3 na nusu, hata 4. Siku hizo maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Siku za maji mafu, takriban tarehe 7 hadi 10 na 21 hadi 24 za mwezi mwandamo, mambo hugeuka: maji hujaa saa nne au saa tano asubuhi, na tofauti hupungua ikawa mita 1 na kidogo tu.

Huenda jirani yako alikwenda wakati wa bamvua. Anayemaliza chai na kuteremka ufukweni saa nne atakuta uwanda mkavu, na maji yakirudi alasiri yeye yuko ndani ya gari la matembezi. Mwenye mtoto wa miaka minne achague maji mafu: mtaogelea tangu saa mbili asubuhi hadi saa saba, watoto wale, walale. Kama tarehe za likizo zinaangukia bamvua na haziwezi kusogezwa, igeuzeni siku. Asubuhi tembeeni uwandani mkaangalie vidimbwi vilivyobaki na mashamba ya mwani, maana wakulima wa mwani hufanya kazi hasa wakati huo maji yakiwa mbali. Msikanyage kamba wala vijiti vyao. Mwani ukikatika, mavuno yamepotea. Kuogelea kuanze saa nane mchana.

Kila mmoja avae viatu vya mpira vinavyobana mguu. Kandambili huvuka na kuelea. Kwenye mawe wamo wale viumbe wa miiba mirefu myeusi, na mwiba wao hukatika ndani ya ngozi. Akichomwa mtoto, mwekeeni mguu kwenye maji ya moto kiasi anachovumilia, kwa nusu saa au zaidi, muitoe kwa kibanio miiba inayoonekana, kisha mpake siki. Msiukandamize wala kuuchimba kwa sindano. Mwiba ukiwa karibu na kiungo, au mguu ukivimba siku ya pili, mpelekeni kituo cha afya.

Kwa watoto wa umri huo na siku tano tu, ushauri wetu ni huu: kama mmepata maji mafu, nendeni Jambiani au Paje, ni kutulivu na kijiji kiko jirani. Kama ni bamvua, nendeni Kendwa. Tunasema Kendwa badala ya Nungwi kwa sababu Desemba upepo wa kaskazi umeshaanza na ncha ya Nungwi inaupokea, ilhali Kendwa inatazama magharibi. Nungwi pia ina mashua nyingi zilizotia nanga karibu na waogeleaji, na kamba zake mtoto hazioni. Nendeni kabla ya tarehe 20. Kati ya Krismasi na Mwaka Mpya bei hupanda sana. Mvua za vuli zinaweza kuwapitia mwanzoni mwa Desemba, lakini mara nyingi ni za saa moja au mbili.

*Mimi na mke wangu tunapumzika wiki ya kwanza ya Agosti. Tunapenda kuzamia kwa miwani tuangalie samaki, na kupiga picha. Tuchague Diani, Watamu au Malindi?*
— Msomaji, Nairobi

Agosti ni kusi. Upepo unatoka kusini-mashariki, bahari ya nje imechafuka, maji ya ndani ya mwamba yana vumbi la mchanga, na mwani wa porini husukumwa ufukweni kwa marundo, Diani na Watamu pia. Mwani huo si uchafu wala dalili ya hoteli mbovu, ingawa ukioza unanuka. Picha za maji ya kioo mnazoziona kwenye matangazo nyingi hupigwa kati ya Oktoba na Machi. Kama kuzamia ndiyo nia kuu, sogezeni likizo hadi mwishoni mwa Oktoba, au Februari. Wakati huo hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti, inayofikiwa kwa mashua kutoka Shimoni, inakuwa na maji safi ajabu.

Agosti ikiwa haiepukiki, nendeni Watamu. Kwanza, ni msimu wa nyangumi wanaopanda kutoka bahari baridi za kusini kuja kuzaa kwenye maji ya joto, na mashua za Watamu huenda kuwatafuta. Pili, siku bahari ikikataa mna pa kwenda: magofu ya Gede yako umbali mfupi, nayo yaliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, na mikoko ya Mida imekingwa na mawimbi. Tatu, hifadhi ya bahari ya Watamu ilitengwa mwaka 1968, na samaki wake wamezoea kutovuliwa. Kiingilio hulipwa kwa mtandao, kwa hiyo msitegemee noti mfukoni. Anayewauzia safari ya mashua mwulizeni kwanza kama bei yake ina kiingilio hicho ndani, maana ugomvi mwingi hutokea hapo.

Malindi ni mji wa kupendeza kwa chakula na mitaa ya zamani, ila muujue Mto Sabaki. Unamwaga tope kaskazini mwa mji, na wakati wa kaskazi mkondo hulisukuma kusini hadi kwenye ghuba, maji yakawa ya kahawia. Wanaokwenda Desemba kuogelea hushangaa. Ni mto tu.

Diani ina mchanga mweupe kuliko yote, na mwamba wa nje huvunja mawimbi, kwa hiyo hata kusi kuogelea karibu na ufuko kunawezekana. Jambo moja la hatari: mwamba una milango, yale mapengo ambayo mashua hupitia. Maji yakianza kupwa, yote yaliyo ndani hutokea hapo kwa kasi. Msiogelee karibu na mlango maji yakitoka. Ukibebwa, usishindane na mkondo; kata kando, sambamba na ufuko, hadi mkondo ulegee, ndipo urudi.

Kwa treni mtashukia Miritini. Kwenda Watamu tengeni saa tatu za barabara. Kwenda Diani, njia ya Dongo Kundu inawaokoa na foleni ya feri ya Likoni.

*Nalewa bahari vibaya. Julai nina harusi Unguja, nami naogopa boti ya Dar. Nifanyeje?*
— Bibi harusi mtarajiwa, Dodoma

Panda boti ya kwanza ya asubuhi, kabla upepo haujakaza. Kaa sitaha ya chini, katikati kuelekea nyuma, ambako boti hainyanyuki sana, na utazame upeo wa macho badala ya simu. Kidonge cha kuzuia kichefuchefu kimezwe kama saa moja kabla ya kuondoka. Ukisubiri hadi tumbo lianze, kitatapikwa. Kula kitu kikavu, mkate au mhogo wa kuchemsha, na utafune tangawizi. Usipande na njaa.

Jiandae zaidi kwa kurudi. Kwenda Unguja wakati wa kusi mawimbi yanakusukuma kwa nyuma. Kurudi Dar boti inayakabili. Kama fedha ya ndege ipo ya upande mmoja tu, itumie kwa kurudi.

*Baba yangu amestaafu ualimu wa historia. Nataka kumpeleka pwani isiyo na kelele kwa wiki moja mwezi Septemba. Nimesikia Kilwa na nimesikia Mafia. Miguu yake si mizuri sana.*
— Mwanawe, Mwanza

Mpeleke Kilwa, ndugu. Sifa kubwa ya Mafia ni papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, asiyeng'ata mtu, na msimu wake upande wa Kilindoni ni kuanzia Oktoba hadi Februari. Kwenda Mafia Septemba ni kulikosa hilo, na kufikia maji kwa mashua ndogo na ngazi ni taabu kwa mwenye magoti mabovu.

Kilwa ni somo lake mwenyewe. Kilwa Kisiwani kuna Msikiti Mkuu ulioanza kujengwa karne ya 11 na kupanuliwa baadaye, na kuna Husuni Kubwa, jumba la kifalme la karne ya 14 lililokaa juu ya jabali likitazama bahari. Ibn Battuta alifika mji huo mwaka 1331. UNESCO iliyaorodhesha magofu ya Kisiwani na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara mwaka 1981. Kwa mwalimu wa historia, kushika ukuta huo wa matumbawe na chokaa si jambo dogo.

Fikeni kwa barabara kutoka Dar, kupitia Kibiti na Daraja la Mkapa, kisha mkunje kushoto Nangurukuru hadi Kilwa Masoko, mji wa bara mnakovukia kwenda Kisiwani. Ni zaidi ya kilomita 300. Mzee asifanye kwa pumzi moja, simameni Kibiti. Septemba ni kiangazi, njia ni nzuri. Masika ni habari nyingine: Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, barabara hiyo ilikatika Somanga.

Laleni Masoko, karibu na ufuko wa Jimbizi, ambao umekingwa na mawimbi. Lipieni kibali na mwongoza watalii papo hapo Masoko kabla ya kupanda mashua. Ukivuka bila kibali utarudishwa. Vukeni saa moja asubuhi, bahari imelala. Ombeni mashua yenye injini na muulize inateremshia wapi, kwa sababu maji yakipwa abiria hushuka kwenye maji na kutembea. Kwa baba, pangeni kuteremka maji yakiwa yamejaa. Magofu yametawanyika, ya karibu na ngome na Msikiti Mkuu yanatosha siku ya kwanza, na Husuni Kubwa iwe siku ya pili. Songo Mnara ningeiacha: mara nyingi kuna kutembea kwenye tope la mikoko. Chukueni maji ya kunywa lita 2 kwa kila mtu na kofia pana.

*Nawalipia wazazi nyumba ya wageni Unguja nikiwa huku. Picha zote zinafanana. Nitajuaje ninachonunua?*
— Msomaji, Muscat

Picha ya ufuko karibu daima hupigwa maji yakiwa yamejaa. Omba video fupi ya siku hiyohiyo maji yakiwa yamepwa, ikianzia mlangoni mwa chumba hadi mchanga ulipo. Mwenye nyumba mwaminifu hupiga kwa dakika tatu. Kisha tazama ramani ya setilaiti uone kama kati ya nyumba na bahari kuna barabara, ukuta au kiwanja cha mtu mwingine, kwa maana neno "karibu na bahari" hutumika hata kwa dakika kumi za kutembea.

Uliza kwa maandishi: ufuko unatazama upande gani, ili ulinganishe na upepo wa mwezi huo, maji ya bomba ni matamu au ya chumvi, kwani visima vingi vya pwani vina chumvi na wazee huwashwa, umeme ukikatika kuna jenereta au hapana, vyumba viko ngazi ngapi juu, bei ni ya mtu au ya chumba, na kama kodi na tozo za kila usiku zimo ndani. Muulize pia nani atawapokea Bandari ya Malindi (ile ya mjini Unguja, si Malindi ya Kenya) au uwanja wa ndege, na kwa shilingi ngapi.

Malipo yaende kwenye akaunti yenye jina la biashara. Ukiombwa kutuma yote kwa simu ya mtu binafsi kabla ya kupewa risiti, acha. Tuma amana, na kinachobaki wazazi walipe wakishaingia chumbani na kufungua bomba.