Jibu: manowari ya mbao ya Bombay bado inaelea

Ndugu yangu, umeuliza kama ipo bado frigeti (manowari ya matanga) ya Waingereza iliyojengwa India. Ipo! Ni HMS Trincomalee, iliyoshushwa majini Bombay Oktoba 1817 na mafundi wa ukoo wa Wadia. Mialoni, miti ya kujengea meli, ilikuwa imeadimika Uingereza, wakatumia msaji (mtiki), mti uleule tunaouona kwenye shamba la miti la Longuza, Muheza. Una mafuta yake ndani, hauozi upesi. Hata fundi majahazi wa hapa Tanga atakwambia.

Ilikaa akiba miaka mingi, ikaingia kazini 1847: Karibi na Amerika Kaskazini, halafu Pasifiki hadi 1857. Mwaka 1897 iliuzwa kwa wavunja meli, ikaokolewa na tajiri mmoja aliyeifanya chuo cha vijana baharini. Sasa iko Hartlepool, Uingereza, imekarabatiwa vizuri mno.