Jibu kwa mpiga drams anayetaka kuhama bendi

Ndugu yangu, umeuliza kama uiache bendi yako ya Mwanza uhamie Dar es Salaam. Itazame safari ya Tony Allen, mpiga drams wa Nigeria aliyezaliwa Lagos mwaka 1940, akajiunga na bendi ya mwanamuziki Fela Kuti mwaka 1964, na kwa takriban miaka 15 akajenga mapigo ya afrobiti (muziki wa Kiafrika uliochanganywa na jazi na funki), ambamo kila mkono na kila mguu ulikuwa na kazi yake. Aliondoka, malipo yakiwa miongoni mwa sababu, na baadaye akafanya makao Paris. Alihama akiwa tayari na mpigo wake mwenyewe, jambo ninaloliona kubwa kuliko jina la mji. Basi jirekodi kwanza, ujisikilize bila huruma. Kisha wewe na bendi mpya mkubaliane kwa maandishi malipo ya kila onyesho, na nani atanunua ngozi za drams zikipasuka.