Homa ya Jioni na Gego Nililong'oa Bila Kusema

Nikiwa darasa la nne niliumwa mafindofindo. Yakapoa, kisha magoti yakavimba. Baadaye kipimo cha eko, yaani picha ya moyo, kikaonyesha valvu moja ya moyo (mlango wa kupitisha damu) imeharibika kwa homa ya baridi yabisi, nikaanzishiwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne. Nilipokuwa mtu mzima na kibanda changu cha mitumba pale soko la Memorial, Moshi, nikaanza kuziruka. Ukijisikia mzima, kwenda kudungwa kalioni unaona kero tu.

Mwaka juzi gego likanisumbua, nikaling'oa. Daktari wa meno hakuniuliza habari za moyo, nami sikusema. Wiki mbili baadaye zikaanza homa za jioni. Zahanati wakasema taifodi. Nikimaliza dozi napata nafuu, siku tano homa imerudi. Nikahamia duka la dawa, wakanipa antibaiotiki nyingine. Miezi miwili nzima! Nilikonda hadi suruali ninazouza zikawa hazinikai, na wateja wakaanza kunong'ona. Mnajua wanavyonong'ona.

Hospitalini daktari kijana alinisogeza dirishani akanishika vidole. Chini ya kucha mbili kulikuwa na vistari vyeusi, vyembamba kama vibanzi vya kuni. "Kaka, umechomwa na mbao?" Sijashika mbao. Akasikiliza moyo, akanyamaza, akamwita mwenzake.

Kumbe ilikuwa endokaditisi, maambukizi ya ndani ya moyo. Vijidudu vya kinywani huingia kwenye damu jino linapong'olewa. Kwa wengi mwili huvimaliza. Kwangu vilipata valvu yenye makovu, vikajishikiza na kujijengea kama kichuguu. Kipande kikimeguka kikaenda ubongoni, unapooza. Kabla ya penisilini karibu kila aliyepata ugonjwa huu alikufa, na hata leo takriban mmoja kati ya watano hatoki hospitali akiwa hai.

Wakanitoa damu mara tatu, sehemu tofauti, wakaiotesha maabara. Haikuota kitu. Vidonge vyangu vya miezi miwili vilikuwa vimewadhoofisha wadudu wasionekane, lakini havikuwamaliza. Ikabidi nitibiwe kwa kukisia: wiki sita za sindano za mshipani, kanula, kile kimrija cha kupitishia dawa mshipani, ikihamishwa mkono hadi mkono. Kwa hiyo ukiwa na tatizo la valvu na homa haikatiki, usimeze antibaiotiki kabla damu haijachukuliwa ya kuotesha. Hapo mniamini.

Ulaya na Marekani wagonjwa wa siku hizi wengi ni wazee, watu wenye valvu za bandia au betri za moyo, wanaosafishwa damu kwa sababu ya figo, na wanaojidunga dawa za kulevya. Mdudu anayewasumbua zaidi ni stafilokokasi, anayekaa kwenye ngozi. Kwetu bado ni vijana wenye baridi yabisi kama mimi, ila na huku wanaosafishwa damu wanaongezeka. Mwenye mpira wa kusafishia damu akipata homa, asingoje kesho.

Sindano zangu siruki tena, na meno napiga mswaki asubuhi na usiku. Kwa kuwa nimeshaugua, kabla ya kung'oa jino nameza amoksilini gramu 2, saa moja kabla. Mwenye valvu mbovu ambaye hajawahi kuugua hivi, wala hana valvu ya bandia, kwa kawaida haihitaji dawa hiyo. Amuulize daktari wake. Mwezi uliopita nilirudi kwa yule yule wa meno. Kabla sijafungua kinywa nikamwekea mezani kadi yangu ya kliniki ya moyo. Akaisoma, akaisoma tena, akaniuliza nimemeza saa ngapi.