Kabla ya Kuziamini Hesabu za Reli ya Uganda

Mwanafunzi anayeanza kuchunguza kazi za umma katika himaya ya Malkia Victoria hukimbilia jumla ya fedha zilizotumika, ilhali la kuuliza kwanza ni fedha hizo zilitoka katika mfuko wa nani, na nani alikuwa na mamlaka ya kuidhinisha matumizi yake.

Nchini India, kampuni binafsi zilizojenga reli za mwanzo zilihakikishiwa na serikali faida ya asilimia 5 kwa mwaka, na reli isipoingiza kiasi hicho, pengo lilizibwa kwa mapato ya India yenyewe. Reli ya Uganda, iliyotoka Mombasa hadi Ziwa Victoria, haikufuata njia hiyo. Mwaka 1896 Bunge la Uingereza liliidhinisha pauni 3,000,000, na ujenzi ukasimamiwa na kamati iliyokaa London chini ya Wizara ya Mambo ya Nje, huku mhandisi mkuu, George Whitehouse, akiwa kazini Afrika Mashariki. Kwa hiyo, anayetafuta barua za ujenzi huo katika majalada ya Wizara ya Makoloni atapoteza siku nyingi, kwani wizara hiyo haikukabidhiwa eneo lilikopita reli hiyo hadi 1905.

Mwaka 1900 Bunge liliombwa pauni 1,930,000 zaidi, na gharama yote hatimaye ikafika takribani pauni milioni 5.5. Wapinzani bungeni walipiga kelele, na kelele zao zinanukuliwa mno. Ukizinukuu nawe, linganisha kwanza kilichokadiriwa na kilichojengwa. Makadirio yaliegemea upimaji wa 1891 na 1892, ambao haukuwa wa kina. Wajenzi walipaswa kusafirisha maji katika nyika kavu ya Taru, kuleta vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India, na kuteremsha njia kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, ambako kwa muda mabehewa yalishushwa kwa kamba. Ubadhirifu unaweza kuwapo, lakini uthibitishe kwa vocha na barua, si kwa tofauti ya jumla mbili.

Penye mtego mkubwa zaidi ni sarafu. Bunge lilihesabu kwa pauni, vibarua walilipwa kwa rupia, na thamani ya rupia haikutulia: mwanzoni mwa miaka ya 1870 ilikaribia shilingi 2 za Kiingereza (pauni moja ilikuwa shilingi 20, na shilingi moja peni 12), kufikia 1895 ilikuwa imeshuka hadi kama shilingi 1 na peni 1, kisha mwishoni mwa karne ikasimamishwa kwenye shilingi 1 na peni 4, yaani rupia 15 kwa pauni. Anayebadilisha mishahara ya miaka yote kwa kiwango hicho cha mwisho anaweza kupata pauni nyingi au chache kuliko zilizotumika kweli, pasipo ujira wa kibarua hata mmoja kubadilika. Nakili kila kiasi kwa sarafu yake ya asili, andika kando tarehe na kiwango kilichotumiwa na karani wa wakati ule, na pale karani alipokaa kimya, acha rupia zibaki rupia.