Nishati inayorudishwa haitoki nje kama umeme wa kuzalisha hidrojeni

Kwa anayeuliza kama umeme "unaorudishwa" na mtambo wa kuongeza kasi ya chembe unaweza kuzalisha hidrojeni: hapana, hautoki nje. Elektroni zilizotumika hurudi kwenye matundu yaleyale ya mawimbi ya redio yaliyoziongeza kasi, zikiwa zimechelewa nusu wimbi, zinapunguzwa kasi, na nishati yao inabebwa na elektroni zinazofuata. Kwa masafa ya 1.3 GHz, nusu wimbi ni kama sentimita 11.5, ukikosea njia kwa milimita 1 tu, umepotoka karibu digrii 1.6 za wimbi (wimbi zima ni digrii 360).

Piga hesabu. Mkondo wa miliampia 10 kwa 150 MeV (elektronivolti milioni 150, nishati ya kila elektroni) ni megawati 1.5. Ukirudisha nishati na kutupa elektroni zikiwa na 6 MeV, kinachobaki ni kilowati 60, tena ni joto, si umeme. Hidrojeni inataka umeme: kilo moja hula takriban kWh 50 hadi 55 za umeme.

Joto hilo litumie kupasha maji ya elektrolaiza (kifaa kinachopasua maji kwa umeme kupata hidrojeni), lakini kupitia kibadilisha joto, ili maji hayo yasichanganyike na ya mtambo. Maji ya kupoza mtambo hubeba ayoni za shaba. Zikiingia kwenye utando wa PEM (utando wa elektrolaiza unaopitisha protoni) zinachukua nafasi ya protoni, ukinzani unapanda, na utando ndio kwaheri.